Dakika nane za kufika kituoni: zimamoto wa kujitolea aliyelala nyumbani kwake, je, yuko kazini?

Mlinzi wa Zamu (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajamvi, salaam.

Wengi wetu tukisikia neno zimamoto tunaona gari jekundu la Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, askari wenye sare na namba 114. Katika sehemu kubwa ya Ulaya mambo hayako hivyo. Ufaransa ina wazimamoto wa kujitolea wapatao 200,000, nao ni karibu wanne katika kila wazimamoto watano wa nchi hiyo. Ujerumani ina takriban milioni moja. Hapa Ireland ninakoishi, vituo vya miji midogo huendeshwa na watu wapatao 2,000 ambao ni mafundi, wenye maduka, madereva na wakulima, wanaoacha walichokishika mara tu peja, kile kifaa kidogo cha kuitia watu, inapolia. Mimi ni mmoja wao, na huu ni mwaka wangu wa sita. Mchana natengeneza magari kwenye karakana ya watu, na saa zilizobaki, zikiwemo za usingizi, nasubiri kuitwa.

Nieleze kusubiri kwenyewe kulivyo, kwa sababu ndiko kunakobishaniwa. Kabla ya kulala nageuza gari litazame barabarani. Viatu naviweka mlangoni vikiwa vimefunguliwa kamba, na peja inalala juu ya stuli pembeni ya kitanda, upande wangu. Ndevu niliziaga siku nilipopewa barakoa ya kupumulia, kwa kuwa haishiki uso wenye nywele. Bia sinywi. Mke wangu akiwa kwenye zamu yake ya hospitali, siwezi kuwapeleka watoto ufukweni, kwa sababu ufukwe uko mwendo wa dakika ishirini na mimi natakiwa kituoni ndani ya dakika chache. Wiki nzima inaweza kupita bila peja kulia hata mara moja. Je, wiki hiyo nilikuwa kazini, au nilikuwa nimepumzika?

Sheria ya Umoja wa Ulaya inalazimisha jibu moja kati ya hayo mawili. Agizo namba 2003/88 kuhusu muda wa kazi linasema mfanyakazi asizidishe wastani wa saa 48 kwa wiki, apate saa 11 za mapumziko mfululizo katika kila saa 24, apate siku nzima ya mapumziko kila wiki, na likizo ya malipo ya wiki nne kwa mwaka. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya imeshikilia tangu zamani kwamba muda wowote ni wa kazi au ni wa mapumziko, na hakuna chumba cha katikati. Walioanza kunufaika ni madaktari. Katika hukumu ya mwaka 2000 iliyotoka Hispania, na nyingine ya 2003 iliyotoka Ujerumani, mahakama ilisema daktari anayetakiwa kubaki hospitali yuko kazini saa zote hizo, hata akiwa amelala kwenye kitanda alichopewa. Mwaka 2005, katika shauri la wazimamoto wa Hamburg, ilisema kazi ya kuzima moto nayo imo ndani ya sheria hii, na kwamba ni majanga ya ukubwa usio wa kawaida tu yanayoweza kuiweka kando, si moto wa jikoni wa kila wiki.

Hayo yote yalihusu watu walio kazini, kwenye jengo la mwajiri. Swali la aliye nyumbani kwake lililetwa na zimamoto wa kujitolea wa Nivelles, mji mdogo wa Ubelgiji kusini mwa Brussels. Kesi inajulikana kwa jina la Matzak. Mlalamikaji aliingia katika utumishi wa mji huo mwaka 1980, huku akiwa na ajira yake katika kampuni binafsi. Wiki moja katika kila nne alikuwa na zamu ya kusubiri nyumbani, jioni na mwisho wa wiki, na kanuni ya mji ilimtaka awe amefika kituoni ndani ya dakika nane tangu aitwe. Mwaka 2009 alikwenda mahakamani kudai fidia ya saa hizo za kusubiri, na kwa kuanzia alidai euro 1. Mji ukakata rufaa, rufaa ikaenda Mahakama ya Kazi ya Brussels, nayo ikapeleka maswali Luxembourg, yaliko makao ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya.

Hukumu ilitoka tarehe 21 Februari 2018. Kwanza, jina la kujitolea halimwondoi mtu katika kundi la wafanyakazi: anayefanya kazi halisi chini ya maelekezo ya mwingine na kulipwa kwa kazi hiyo ni mfanyakazi kwa maana ya Agizo, hata kama sheria ya nchi yake inamwita kwa jina jingine. Pili, mtu anayelazimika kuwapo kimwili mahali palipopangwa na mwajiri, hata kama mahali hapo ni sebuleni kwake, na kuitika ndani ya dakika nane, amebanwa kiasi cha kutoweza kushughulika na mambo yake, kwa hiyo saa zake za kusubiri ni muda wa kazi.

Hapa ndipo habari ilipoharibika. Magazeti mengi yaliandika kana kwamba kila zamu ya nyumbani sasa ni kazi, na mpaka leo nawasikia wenzangu kituoni wakiinukuu hukumu hiyo kama hirizi. Mahakama haikusema hivyo. Ilipima vitu viwili kwa pamoja, mahali na dakika, na ukilegeza kimoja mizani inahama.

Kuhama huko kulitukuta sisi wenyewe. Tarehe 11 Novemba 2021 mahakama hiyohiyo iliamua shauri la zimamoto wa muda wa Dublin dhidi ya halmashauri ya jiji. Ukitazama saa tu, mtu huyu alibanwa kuliko yule wa Nivelles: alikuwa kwenye zamu ya kusubiri siku saba, saa 24, isipokuwa likizo na nyakati alizokubaliwa kutokuwapo. Alitakiwa ajitahidi kufika ndani ya dakika tano, na kwa vyovyote asizidi kumi. Lakini hakupangiwa mahali pa kukaa, alitakiwa tu aishi na kufanya kazi umbali wa wastani kutoka kituoni. Hakulazimika kuitikia kila mwito, mradi asipungue robo tatu ya miito yote. Zaidi ya hayo aliruhusiwa kufanya shughuli nyingine ya kujipatia kipato, na kweli alikuwa dereva wa teksi wa kujitegemea. Mahakama ikasema mtu anayeweza kuendesha teksi wakati wa zamu na kuacha mwito mmoja katika kila minne hakubanwa kiasi cha kusema kwamba muda wote huo ni wa kazi, ingawa uamuzi wa mwisho juu ya ukweli wa mambo ulibaki kwa mahakama ya Ireland.

Msimamo wangu ni huu, na ndio sababu ya kuanzisha uzi: kipimo cha mahakama ni cha busara kwa mwanasheria na ni kiwete kwa zimamoto. Kinauliza kamba ina urefu gani, wala hakiulizi aliyefungwa amelala usingizi gani. Ile robo ya miito ninayoweza kuiacha ninaijua baadaye, kwenye karatasi ya hesabu ya mwezi, lakini saa tisa usiku peja inapolia sijui kama wenzangu wanatosha gari kutoka, kwa hiyo naamka na kwenda. Karibuni tujadili kwa hoja.

Bint Shangani

Ahsante kwa kuandika kwa utulivu. Mimi ni muuguzi Uingereza, na kaka wa mume wangu ni zimamoto wa wito katika kijiji kimoja cha kaskazini, kwa hiyo mambo ya gari kutazama barabarani nayajua.

Naomba niongeze upande wa kuwa mfanyakazi wa muda, kwa sababu huko ndiko wenzetu wa Uingereza walikopata ushindi mkubwa kuliko huu wa saa. Tarehe 1 Machi 2006 mabwana wa sheria wa Bunge la Juu, waliokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, waliamua shauri la Matthews dhidi ya mamlaka ya zimamoto ya Kent na Medway. Nyuma ya walalamikaji hao walisimama wazimamoto wa wito wapatao 12,000, waliokuwa wametengwa katika mfuko wa pensheni na katika malipo ya ugonjwa. Waajiri walidai kuwa kazi haifanani, kwa vile zimamoto wa kudumu hutumia muda mwingi kukagua majengo na kuelimisha watu. Mabwana hao wakasema baraza la kazi lilitilia mkazo mno tofauti hizo badala ya kutazama kazi kuu, ambayo ni kuzima moto na kuokoa watu, na shauri likarudishwa lisikilizwe upya. Mwisho wake wazimamoto wa wito walishinda, na pensheni zao zikahesabiwa tangu Julai 2000.

Swali langu kwako: ikiwa saa za kusubiri ni muda wa kazi, mbona shemeji hapati mshahara wa saa hizo?

Karani Mstaafu

Ndugu Mlinzi, nakuheshimu kwa kazi unayoifanya, lakini sikubaliani na mwelekeo wa uzi wako. Nimetumika miaka mingi katika ofisi ya halmashauri, na najua bajeti inavyofanana ukiivua nguo. Mji wa watu elfu sita hauwezi kuajiri wazimamoto wa kudumu ishirini kwa ajili ya miito miwili ya wiki. Ukisema kusubiri ni kazi, saa 48 za mtu zinaisha Jumanne usiku, na kuanzia Jumatano kijiji hakina zimamoto. Wafaransa waliliona hili mapema: sheria yao ya Julai 2011 inatamka kwamba shughuli ya zimamoto wa kujitolea si ya kitaaluma, kwamba huifanya kwa hiari yake na bila kutafuta faida, na hukumu ya Nivelles ilipotoka waliingiwa na hofu kubwa kuliko wote. Sheria iliyokusudiwa kumlinda kibarua wa kiwandani inapoingizwa katika ujirani, inaua ujirani wenyewe.

Mlinzi wa Zamu

Bi Shangani, Agizo hili linahusu afya na usalama, halipangi mishahara, isipokuwa malipo ya likizo ya mwaka. Mahakama ililisema hilo waziwazi katika hukumu ileile ya Nivelles: kila nchi ina uhuru wa kulipa saa za kusubiri kwa kiwango tofauti na saa za kuzima moto, hata kama zinahesabiwa kuwa muda wa kazi. Kwa hiyo mtu anaweza kushinda kesi ya saa na asiongezewe hata senti. Kisichoruhusiwa ni nchi kubadili maana yenyewe ya muda wa kazi ili ipunguze mzigo. Shemeji yako akitaka malipo, mlango wake ni mkataba na chama cha wafanyakazi. Wenzangu wa Ireland walipita mlango huo mwaka 2023 walipogoma wakidai malipo bora ya kusubiri na wenzao zaidi vituoni ili waweze kupumzika.

Mzee Karani, hoja yako ya bajeti ni nzito na siwezi kuipita pembeni. Ila tazama mahakama ilivyoijibu. Tarehe 9 Machi 2021 iliamua shauri la Offenbach am Main, Ujerumani. Mlalamikaji alikuwa zimamoto wa kudumu, lakini zamu yake ya nyumbani inafanana na yetu: alitakiwa akiitwa afike mpaka wa mji ndani ya dakika 20, akiwa amevaa sare na akiendesha gari la kazi lenye haki ya kupita taa nyekundu. Katika zamu 126 alizokaa kati ya 2013 na 2015, aliitwa mara 20. Mahakama haikusema ndiyo wala hapana. Ilisema hakimu wa nchi atazame mambo yote kwa ujumla: dakika, gari alilopewa, wastani wa miito na muda wa kila mwito, na kama vikwazo hivyo vinamzuia kwa kiasi kikubwa sana kupanga muda wake. Siku hiyohiyo, katika shauri la fundi wa mitambo ya televisheni wa Slovenia, ilisema pia kwamba umbali ambao mfanyakazi ameuchagua mwenyewe kwa kuhamia mbali hauhesabiki kama kikwazo cha mwajiri.

Maana yake ni kwamba halmashauri yako ya watu elfu sita haikulazimishwa kuajiri ishirini. Ilipewa nafasi ya kupanga zamu ili kamba isikaze: kuongeza watu kwenye orodha, kugawa wiki, kuruhusu mtu aseme leo simo bila kuulizwa mara tatu. Katika kituo kimoja nilichowahi kukitumikia, ambacho sitakitaja, karatasi ilisema tuna haki ya kuacha mwito, lakini aliyeacha alikuta jina lake ubaoni asubuhi. Hakimu akisoma mkataba ule ataona uhuru ambao sisi hatukuwahi kuuonja.

Na jambo moja ambalo wengi hawalisomi katika hukumu hizo za Machi 2021: hata zamu ya kusubiri ikihesabiwa kuwa mapumziko, mwajiri bado anafungwa na wajibu wa jumla wa kulinda afya ya mfanyakazi, na hawezi kupanga zamu ndefu au za mfululizo kiasi cha kumdhuru mwili au akili. Kwa watu wa miji midogo, mimi naona sentensi hiyo ina nguvu kuliko dakika nane zote.

Karani Mstaafu

Hilo la jina ubaoni nimelielewa, na nakiri nimeshuhudia linalofanana nalo katika ofisi ambazo hazina hata ndoo ya mchanga. Narekebisha hoja yangu: si sheria inayoua ujirani, ni orodha fupi ya majina. Hata hivyo nabaki na hofu juu ya nani atajaza orodha hiyo, maana vijana wanahama na wanaobaki wanafanya kazi mbali na mji.

Fundi Bomba wa Bremen

Wakuu, naomba msaada kwenye upande ambao haujaguswa. Mimi niko Ujerumani, nimeajiriwa mchana, na mwaka jana nilijiunga na kikosi cha kujitolea cha mtaa wetu. Huku sheria za majimbo zinamlazimisha mwajiri aniachie niende moto ukitokea wakati wa kazi, mshahara wangu unaendelea, na mwajiri binafsi anaweza kurudishiwa fedha hizo na mji. Kuachiwa si tatizo. Tatizo langu ni kurudi. Nikitoka kuzima moto saa kumi alfajiri, saa moja natakiwa niwe juu ya ngazi na bomba begani. Zile saa 11 za mapumziko zinamhusu nani hapo, mji au bosi wangu?

Mlinzi wa Zamu

Ndugu Fundi, umegusa panapouma, na ndipo sheria ilipo na kigugumizi.

Agizo linataja mfanyakazi, halisemi wazi kama saa zinahesabiwa kwa mtu au kwa kila mkataba. Mwaka 2021 mahakama iliamua shauri la chuo kimoja cha Bucharest na kusema mtu mwenye mikataba kadhaa na mwajiri mmoja, saa 11 zinahesabiwa kwa mikataba yote kwa pamoja. Wewe una waajiri wawili, kama kikosi chako cha kujitolea kitahesabiwa kuwa mwajiri, na hukumu ile haikufika huko. Tume ya Ulaya katika ufafanuzi wake wa mwaka 2017 iliandika kwamba, kwa kuwa lengo ni afya, saa zihesabiwe kwa mtu kadiri inavyowezekana. Hayo ni maoni ya Tume, na mahakama haifungwi nayo. Baadhi ya nchi zimekwenda mbali zaidi: hapa Ireland Sheria ya Kupanga Muda wa Kazi ya mwaka 1997 inamkataza mwajiri kumfanyisha mtu kazi ikiwa saa zake pamoja na za mwajiri mwingine zinavuka kiwango, isipokuwa kama mwajiri huyo hakujua, wala kwa uchunguzi wa kawaida asingeweza kujua.

Ni kwa sababu hiyo nakushauri usifiche. Tafuta daftari, andika kwa miezi mitatu saa ya kila mwito, saa uliyorudi kitandani na saa uliyoanza kazi ya mchana, kisha mpelekee bosi wako kabla hujaanguka kutoka kwenye ngazi hiyo. Andika pia miito uliyoiacha na ulichoambiwa ulipoiacha. Ukifika siku moja mbele ya hakimu, hivyo ndivyo atakavyovitaka, wala si hukumu za Luxembourg, maana hizo anazo.

Bint Shangani

Na je, wewe mwenyewe ulifanya hivyo, au unatuhubiria tu?

Mlinzi wa Zamu

Nilifanya, Bi, ila kwa kuchelewa. Mwaka wangu wa pili tulikuwa na moto wa ghala la nyasi uliotukalisha hadi alfajiri. Saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa chini ya gari la mteja, na nikarudisha gurudumu la mbele bila kukaza nati zake sawasawa. Kijana tunayefanya naye kazi aliliona kabla gari halijatoka getini. Siku ileile nilimwonyesha meneja daftari langu. Akalisoma amesimama, ukurasa kwa ukurasa, kisha akasema kuanzia siku hiyo nikiitwa baada ya saa sita usiku niingie kazini saa tano asubuhi, na mshahara hautakatwa.

Mpaka leo tunafanya hivyo. Hatukuandikiana popote, na meneja huyo anastaafu mwezi Machi.